Wasimamizi wa Meza ya Wajane

Katika siku za kwanza za Eklezya, huko Yerusalemu, Wakristu waliweka mali zao pamoja, na kila siku chakula kiligawanywa kwa wajane. Mjane wa nyakati zile, akiwa hana mtoto wa kiume wala ndugu wa kumtunza, alikuwa mtu wa kufa njaa. Meza ile ya Wakristu ndiyo iliyokuwa uzima wake. Lakini katika kazi hiyo njema likaingia neno baya. Wajane wengine walipata, wengine wakarukwa. Waliorukwa ni wale waliosema Kigiriki, watu wa ukoo wa Israeli waliokuwa wametoka nchi za mbali, ambao lugha ya wenyeji haikuwa lugha ya nyumbani mwao. Wenyeji walipakuliwa kwanza; wageni walikuta chungu kitupu.

Mkatekumeni aliyewahi kusimama mstarini siku ya kugawanya unga, chumvi au mablanketi, hana haja ya kuelezwa zaidi. Yule anayeshika orodha huandika kwanza jina la shangazi yake, kisha la jirani yake, kisha la mtu aliyemletea kuku jana jioni. Ikifika zamu ya mgeni aliyekimbia vita juzi, asiye na mtu wa kumtaja, karatasi imekwisha kujaa. Wala si lazima mwenye orodha awe mwizi. Mara nyingi yeye huona tu wale anaowajua, na wale asiowajua hawaoni.

Wasemao Kigiriki wakanung'unika. Na hapa yafaa kutazama vizuri jinsi Mitume walivyofanya, maana wakubwa wengi wa dunia hii wangalifanya vingine. Mitume hawakuwakaripia wajane. Hawakuwaambia wanyamaze na kushukuru kwa kidogo. Hawakusema kwamba habari za chungu na kibaba ni mambo ya mwili, yasiyowapasa watu wa sala. Waliita mkutano wa waamini wote. Wakasema wazi kwamba wao wenyewe hawawezi kuiacha kazi ya kutangaza Neno la Mungu ili wasimamie meza. Kwa hiyo wachaguliwe watu saba, ambao jamii nzima yawashuhudia kuwa wema, watu wa Roho wa Mungu na wenye akili, wakabidhiwe kazi hiyo.

Je, walichaguliwa akina nani? Kitabu cha Matendo ya Mitume kimeyahifadhi majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Msomaji wa haraka hupita juu ya majina haya kama mtu apitaye juu ya mawe ya mtoni. Lakini majina yote saba ni ya Kigiriki. Ni kweli, hata Myahudi wa Galilaya aliweza kuitwa kwa jina la Kigiriki, kama Mtume Andrea. Ila majina saba kwa saba si bahati tu. Yaonekana kwamba jamii ile haikuwaweka wenyeji wawili na wageni wawili ili kuleta amani ya midomo. Iliwakabidhi chungu chote watu wa upande ule uliokuwa umelia njaa. Na wa mwisho kati yao, Nikolao, hata hakuzaliwa Myahudi: alikuwa mtu wa Antiokia, aliyeingia kwanza katika dini ya Wayahudi, kisha akamwamini Yezu. Aliyekuja nyuma ya wote akapewa kuwagawia waliotangulia.

Kisha Mitume wakasali, wakawawekea mikono. Kazi ya kupima chakula ikawekewa mikono, kama kazi takatifu.

Mkatekumeni mwenye akili aweza kuuliza hapa swali, na swali lake ni la haki. Mtu aliyelia njaa jana, akipewa chungu leo, je, hatakula yeye kwanza, na kulipiza kisasi kwa wale waliomruka? Naam, hatari hiyo ipo. Wako wengi walioteswa wakiwa wadogo, wakatesa walipokuwa wakubwa. Ndiyo sababu Mitume hawakutafuta tu mtu mwenye uchungu. Walitaka sifa njema, na sifa hiyo ilishuhudiwa na wote, si na ndugu zake mwenyewe. Walitaka watu saba, si mmoja. Maana mtu mmoja akiwa peke yake na chungu, usiku ni mrefu. Mateso yalimfundisha mtu kuona. Roho Mtakatifu ndiye aliyemfundisha kutojipakulia. Mambo hayo mawili hayaachani.

Mtu asidhani kwamba habari hii ilikwisha Yerusalemu. Katika Kongo, upande wa kaskazini-mashariki, mahali ambapo mito Dungu na Kibali hukutana na kuuzaa mto Uele, uko mji wa Dungu. Kundi la watu wenye silaha, lililozaliwa Uganda katika miaka ya 1980 chini ya Joseph Kony, liliingia katika misitu ya pande hizo. Kundi hilo lilijiita Jeshi la Bwana. Katekista anapoeleza amri ya pili, hahitaji kutafuta mbali mfano wa kulitaja bure jina la Mungu. Siku za Noeli ya mwaka 2008, watu walipokuwa wamekusanyika kusherehekea kuzaliwa kwa Mwokozi, waliviziwa na kuuawa huko Faradje na karibu na Doruma. Katika majuma yale machache waliokufa walizidi 800. Mwezi wa Desemba 2009, katika eneo la Makombo, waliuawa tena zaidi ya 300. Wavulana walitekwa wabebe mizigo na kufundishwa kuua. Wasichana walitekwa, wakafanywa wake kwa nguvu. Hata mwaka 2013, watu waliohesabiwa kuwa wamekimbia makwao tangu 2008 walikuwa karibu 320,000.

Katika mji huo aliishi mtawa wa Shirika la Masista Waaugustino wa Dungu-Doruma, jina lake Angélique Namaika. Alipokuwa bado mtoto, alimwona Sista mmoja wa Kijerumani akija kijijini kwao kuwatunza wagonjwa bila kupumzika. Mtoto akatamani kuwa kama yeye. Na sababu aliyoitoa baadaye ni ya kitoto na nzuri: alitaka kumsaidia yule Sista ili naye apate kupumzika. Hivyo ndivyo wito ulivyoingia ndani yake, kwa kumhurumia mwenye huruma.

Mwaka 2008 alianzisha huko Dungu kituo kidogo cha kuwainua wanawake na wasichana waliokuwa wamekimbia, au waliokuwa wametoroka mikononi mwa watekaji. Na mwaka 2009 vita vikamfukuza yeye mwenyewe. Yule aliyewapokea wakimbizi akawa mkimbizi. Alijua sasa, kwa miguu yake mwenyewe, jinsi mtu anavyoacha mlango wazi na sufuria mekoni. Aliporudi kwenye kazi hakuwa tena Sista anayewahurumia wengine kutoka upande wa pili wa mto. Alikuwa mmoja wa wale wasemao Kigiriki.

Alikuwa na baiskeli. Kwa baiskeli hiyo alipita barabara zile zenye mashimo na matope, akienda mahali wanawake walipokuwa, kwa maana mwanamke mwenye aibu haji ofisini. Inafaa aibu hiyo ielezwe, kwa sababu ndiyo kidonda chenyewe. Msichana aliyetoroka msituni, pengine akiwa na mtoto mgongoni, hakupokelewa sikuzote kwa vigelegele. Watu walimwogopa. Walisema kwamba ameishi na wauaji, kwamba mtoto wake ni damu ya wauaji. Wazazi wengine walimkataa, majirani wakamcheka. Hakuwa ametenda dhambi, alikuwa ametendewa. Lakini kijiji kilimhukumu kana kwamba alikwenda kwa hiari yake. Kila Mkristu wa mahali pale alipaswa kuchagua kati ya ulimi wa kijiji na moyo wa Yezu, na si wote waliochagua vema.

Sista Angélique alifanya nini? Hakuwagawia chakula tu na kuwaacha wakae. Aliwafundisha kuoka mkate, kupika, kushona nguo, kulima, kusoma na kuandika. Mtu wa mbali aweza kudharau kazi hizo na kusema: je, unga na sindano vyaweza kumponya mtu aliyeona ndugu yake akiuawa? Lakini mtu wa kijijini ataelewa upesi. Mwanamke aliyeumizwa, akipewa mkate kila siku, ameshiba, naye angali yule wa kuhurumiwa, yule asiyeangaliwa machoni. Akijua kuukanda unga, kuupumzisha, kuutia motoni na kuutoa kabla haujaungua, akiupeleka sokoni akauuza, mambo mawili hutokea. Ana fedha ya kumnunulia mtoto wake daftari. Tena yule jirani aliyekuwa akitema mate anunuapo mkate wake na kuula pamoja na watoto wake, amekula kwa mkono wa yule aliyemkataa. Nani hajui maana ya kula kwa mkono wa mtu? Kijiji kinachokula mkate wa mwanamke kimekwisha kumrudisha nyumbani, hata kama midomo yake haijakiri bado.

Na msichana ashikaye sindano hujifunza pia kunyamaza pamoja na wenzake walioona yaleyale, mpaka siku moja mmoja asimulie. Hakuna mwalimu awezaye kulazimisha saa hiyo.

Hata mwaka 2013 wanawake na wasichana waliosaidiwa namna hiyo walikuwa wamepita 2,000. Mwaka huohuo alipewa tuzo ya Nansen, itolewayo na shirika la Umoja wa Mataifa la kuwatunza wakimbizi. Tuzo hiyo ilianzishwa mwaka 1954, na huitwa kwa jina la Fridtjof Nansen, mtu wa Norwe, aliyewekwa mwaka 1921 na mataifa ya wakati ule kuwa msimamizi wa kwanza wa wakimbizi. Sista alikwenda Geneva mwisho wa Septemba kuipokea, na siku ya 2 Oktoba 2013 akakutana na Baba Mtakatifu Fransisko. Pamoja na tuzo ya mwaka huo zilitolewa dola 100,000, na fedha hizo zilitakiwa zitumike katika kazi ya kuwasaidia wakimbizi. Wako watu waliosikia habari za dola hizo na kusahau yote mengine. Ndivyo ilivyo. Masikio ya watu husikia fedha kwanza, na baiskeli baadaye.

Katika nchi jirani ya Burundi yupo mwanamke mwingine, si mtawa, mwalimu kwa kazi yake: Marguerite Barankitse wa Ruyigi, ambaye wengi humwita Maggy. Baada ya rais wa nchi kuuawa mwezi wa Oktoba 1993, kabila likaanza kumwinda kabila. Alikuwa amewaficha watu katika nyumba ya Askofu. Wauaji walikuja, nao walikuwa watu wa kabila lake mwenyewe. Wakamfunga, wakawaua mbele ya macho yake watu zaidi ya 70. Alifaulu kuwaokoa watoto 25. Akawalea pamoja, watoto wa makabila yote mawili chini ya dari moja, na nyumba hiyo ikaitwa Maison Shalom, yaani Nyumba ya Amani. Ilikua, ikawapokea watoto maelfu. Mwaka 2015 Maggy naye alilazimika kuikimbia nchi yake. Akaingia Rwanda, na huko akaanza tena kuwasaidia Warundi waliokimbia kama yeye. Mama wa wakimbizi, akiwa na mzigo wake kichwani.

Sasa lazima lisemwe neno la fedha, ingawa si tamu. Mfuko wa maskini umekuwa na washikaji wa namna mbili tangu siku za Yezu mwenyewe. Wa kwanza alikuwa Yuda. Yeye alishika mfuko wa Mitume, naye alikuwa akiiba kilichotiwa ndani. Siku ile huko Betania, Maria alipoipaka miguu ya Yezu marhamu ya thamani, Yuda ndiye aliyesema kwa sauti kwamba ingaliuzwa dinari mia tatu wakapewa maskini. Tazameni: neno "maskini" lilikuwa kinywani mwake. Kwa hiyo mtu asitambuliwe kwa neno hilo. Wengi hulisema vizuri sana, hasa mbele ya wageni wenye kuleta misaada.

Mshikaji wa namna ya pili ni Mtakatifu Paulo. Jamii ya Wakristu wa Yerusalemu ilipokuwa maskini, Paulo alikusanya sadaka kwa ajili yao kati ya Eklezya changa za Galatia, za Makedonia na ya Korintho. Aliwaagiza Wakorinto kwamba kila siku ya kwanza ya juma kila mmoja aweke kando nyumbani mwake kile alichoweza, asingoje mpaka mgeni afike. Wamakedonia walikuwa fukara, lakini walitoa kupita nguvu zao, nao ndio waliomwomba Paulo wasinyimwe nafasi ya kutoa. Na ilipofika kazi ya kuichukua fedha, Paulo, Mtume mkubwa, mtu aliyepigwa mawe kwa ajili ya Kristu, hakukubali kuwa peke yake nayo. Pamoja na Tito walitumwa ndugu wengine wawili, mmoja wao akiwa amechaguliwa na Eklezya zenyewe, ili mtu yeyote asipate la kusema juu ya mali nyingi namna ile. Paulo alitaka mambo yawe safi mbele ya Mungu, na mbele ya watu pia. Majina ya ndugu hao wawili hayakuandikwa. Walihesabu, walibeba, wakafikisha.

Mambo mawili hapa hupita upesi mno katika mafundisho. Moja ni kwamba sadaka hiyo ilitoka kwa Wakristu wapya ikaenda kwa wa zamani. Kwa wale waliobatizwa jana, kuelekea mji ule Injili ilikotoka. Kijiji kikidhani kwamba huruma ni kitu kishukacho siku zote kutoka gari la misioni au kutoka Ulaya, hakijazisoma barua za Paulo. La pili: kama Paulo hakutosheka na utakatifu wake mwenyewe kuwa ulinzi wa fedha, basi mwenye kushika sanduku katika kijiji, akikasirika anapoombwa daftari, anadai heshima kupita ile ya Mtume.

Maaskofu wa Kongo, walipokutana mwaka 1961, walichagua jumuiya ndogo zilizo hai ziwe msingi wa maisha ya Eklezya. Katika jumuiya ndogo kama hiyo watu hujuana. Mlango wa nyumba isiyotoa moshi huonekana asubuhi. Hapo panatosha kuwa na wasimamizi wawili watatu, waliochaguliwa na wote, wahesabu mbele ya watu, waandike kilichoingia na kilichotoka, na jina la aliyepokea. Kibaba cha mahindi kikiandikwa, hata mjane asiyejua kusoma atasomewa. Na wakati wa kuchagua, jamii isiangalie tu mwenye nyumba ya mabati au mwenye kusema Kifaransa. Iangalie pia ni nani aliyekuja na mkeka mmoja na watoto wanne, miaka miwili iliyopita, akapewa shamba la kuazima, na tangu hapo hajamfungia mtu mlango. Mkatekumeni naye asiseme kwamba hajabatizwa bado, kazi hiyo si yake. Kubeba maji ya mgonjwa hakungoji maji ya ubatizo.

Katika wale saba wa Yerusalemu, Stefano aliuawa kwa mawe. Filipo alikimbia mateso, akawa mkimbizi, na popote alipokimbilia alihubiri. Siku moja aliongozwa mpaka barabara ishukayo kutoka Yerusalemu kwenda Gaza, barabara ya jangwani. Hapo lilipita gari la farasi, na ndani yake ameketi mtu mweusi wa Afrika, mkubwa katika nchi ya malkia Kandake, kandokando ya mto Nili, katika pande ziitwazo leo Sudani. Kazi yake mtu huyo ilikuwa kuitunza hazina yote ya malkia. Alikuwa akisoma kwa sauti kitabu cha nabii Isaya, wala hakukielewa.

Filipo, mgawa chakula cha wajane, akapiga mbio kando ya gari, akamwuliza kama anafahamu anayoyasoma. Mtunza hazina hakuona haya. Alijibu kwamba atafahamuje, pasipo mtu wa kumwongoza. Akamwomba apande, aketi karibu naye. Wakaenda hivyo, mshika mfuko wa malkia na mshika chungu cha maskini, ubavu kwa ubavu, kitabu kikiwa magotini, na Filipo akamweleza habari za Yezu. Njia ilikuwa ndefu. Ndipo walipofika mahali penye maji, yule Mwafrika akaamuru gari lisimame, akauliza ni kitu gani kinachomzuia kubatizwa.